“Simezi Moshi, Nauchezea Mdomoni Tu”: Daktari wa Kinywa Ajibu Kuhusu Siga

SWALI: Daktari, shikamoo. Niliacha sigara miaka miwili iliyopita, na haikuwa kazi ndogo. Sasa marafiki zangu wameingia kwenye siga, zile sigara nene zilizosokotwa kwa majani matupu, na kila tukikutana mwisho wa wiki wananiwekea moja mezani. Wananiambia siga si sigara: moshi haumezwi, unauchezea mdomoni kisha unautoa, ni majani asilia, hayana karatasi wala kemikali, na moja kwa wiki haijawahi kumdhuru mtu. Mmoja wao ni mjuzi kweli, anachambua rangi ya jani na weupe wa majivu, na babu yake alivuta siga mpaka akapita miaka tisini. Mke wangu hataki hata kuzisikia. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kwanza hongera kwa hiyo miaka miwili. Mwaka mmoja tu baada ya mtu kuacha sigara, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo aliyokuwa ameibeba hupungua kwa karibu nusu, na wewe umeshavuka hapo. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu sitaki faida hiyo ikuponyoke kwa maneno ya vijiweni.

Hayo uliyoambiwa nayasikia mara kwa mara kutoka kwa wagonjwa ninaowakagua kinywa, na wengi huyasema kwa nia njema kabisa. Kinachowachanganya ni kwamba ubora wa siga na usalama wa siga vimefungwa furushi moja. Rafiki yako anaweza kuwa bingwa wa ubora, na sina sababu ya kumbishia. Lakini mtu anaweza kujua shamba lilikotoka jani, jina la aliyelisokota na unyevu wa sanduku lililolihifadhi, asijue jani hilo linafanya nini likishawashwa na kuwekwa mdomoni. Huko ndiko niliko mimi kila siku.

Nianze na hilo la kutomeza moshi, maana ndilo linalobeba mengine yote.

Ni kweli, wavutaji wengi wa siga hawaupeleki moshi mapafuni. Sasa jiulize kwa nini wanaridhika bila kuupeleka. Mvuta sigara akiuweka moshi mdomoni na kuutema hapohapo, hamu yake haitulii. Mvuta siga akifanya vilevile, anatulia. Tofauti iko kwenye kemia ya moshi wenyewe. Moshi wa sigara za kawaida una asidi kidogo, na katika asidi nikotini huwa katika hali ambayo haipenyi kwa urahisi utando laini wa ndani ya mashavu. Ndiyo maana mvuta sigara hulazimika kuuvuta hadi mapafuni, kwenye eneo pana lenye mishipa ya damu isiyohesabika. Majani ya siga, kwa jinsi yanavyokaushwa na kuvundikwa, hutoa moshi unaoelekea upande wa alkali, yaani kinyume cha asidi. Katika moshi wa namna hiyo nikotini huwa huru, na nikotini iliyo huru hupita kwenye mashavu, ulimi na sakafu ya mdomo na kuingia moja kwa moja kwenye damu. Mwenye siga hahitaji kumeza moshi kwa sababu mdomo wake umeshaifanya kazi ambayo mwenzake wa sigara huwaachia mapafu.

Kuna hata wanaokaa na siga mdomoni bila kuiwasha, wakiitafuna ncha yake wakati wanasoma au wanaendesha gari. Nao wanapata nikotini: inayeyuka kwenye mate na kufuata njia ileile.

Tena si nikotini ya kudharau. Sigara ya kawaida ina chini ya gramu moja ya tumbaku na takriban miligramu 8 hadi 12 za nikotini, na huisha ndani ya dakika chache. Siga kubwa huwa na gramu 5 hadi 17 za tumbaku, nyingine hufika 20, kwa hiyo siga moja inaweza kubeba tumbaku ya pakiti nzima ya sigara. Nikotini yake mara nyingi ni miligramu 100 hadi 200, na zimewahi kupimwa zenye zaidi ya 400. Haiingii yote mwilini, kama ambavyo ya sigara haiingii yote. Ila mtu hukaa na siga hiyo saa moja, wakati mwingine mbili, mdomo ukiogelea katika moshi muda wote huo. Ule ugonjwa wa mara ya kwanza ambao marafiki zako watakuambia ni “ugeni tu”, yaani jasho baridi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kichefuchefu, ni dalili za nikotini kuzidi mwilini. Watakupa kitu kitamu unywe na pengine utajisikia nafuu, lakini kilichokupata kinaitwa sumu.

Nikotini ndiyo inayomfanya mtu arudi tena. Yanayomharibu ni yale yanayosafiri nayo. Moshi unaochezewa mdomoni huacha lami na vitu vinavyosababisha saratani juu ya ulimi, chini ya ulimi, kwenye fizi na kaakaa. Kisha mate huvichukua, na mate kila mtu humeza, hata yule anayeapa kwamba hamezi moshi. Ukiifuata safari ya mate hayo utaona kwa nini saratani zinazohusishwa na siga zimekaa mahali zilipokaa: mdomo, koo, kisanduku cha sauti na umio, yaani ile njia ya chakula. Mwaka 1998 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa kitabu kizima cha uchunguzi kuhusu siga peke yake. Kilionyesha kwamba kwa wanaovuta kila siku, hatari ya saratani ya mdomo na ya umio inakaribiana na ya wavuta sigara, hata kwa wasiovuta moshi hadi ndani. Miaka miwili baadaye, mwaka 2000, kampuni saba kubwa za siga nchini humo zilikubaliana na tume ya serikali inayosimamia biashara kuweka maonyo kwenye bidhaa zao. Onyo mojawapo linasema kuvuta siga kunaweza kusababisha saratani ya mdomo na koo hata kama humezi moshi. Hayo yamo kwenye masanduku yaleyale ambayo watu huyafungua huku wakiambiana kinyume chake.

Lazima nikupe na upande wa pili, kwa sababu uwongo mgumu kuung'oa ni ule wenye chembe ya kweli ndani yake. Asiyeuvuta moshi wa siga hadi ndani ana hatari ndogo ya saratani ya mapafu kuliko mvuta sigara. Hilo limethibitishwa. Lakini ndogo kuliko ya mvuta sigara bado ni kubwa kuliko ya asiyevuta kabisa, na anayeuvuta hadi ndani huongeza hatari hiyo kwa kasi.

Na hapa ndugu yangu ndipo unapohusika wewe hasa. Watu ambao hawajawahi kuvuta sigara wanapoanza siga, wengi hubaki na moshi mdomoni. Waliotoka kwenye sigara ni kundi jingine. Kifua chao kimefunzwa kwa miaka kuvuta moshi, na mafunzo hayo hayafutiki kwa sababu umebadilisha kilichoko kati ya vidole. Uchunguzi umeonyesha tena na tena kwamba waliohama kutoka sigara kwenda siga huwa na tabia ya kuendelea kumeza moshi, mara nyingi bila wao wenyewe kutambua. Rafiki zako wanakupa ushauri unaotokana na namna wanavyovuta wao. Wewe hutavuta kama wao.

Nikueleze ninachokiona ninapomulika taa kinywani mwa mtu aliyevuta siga au kiko kwa miaka. Namwambia anyanyue kidevu, afungue sana, nami naangalia juu, kwenye kaakaa. Kwa asiyevuta, kaakaa ni la waridi, laini, lina unyevu. Kwa huyu limegeuka kijivu cheupe, limekuwa gumu na lina mipasuko kama udongo wa bwawa lililokauka, na katikati ya weupe huo kuna vidoa vyekundu vingi vidogo. Kila kidoa ni tundu la tezi ndogo ya mate lililovimba kwa joto na moshi. Haimuumi, ndiyo maana hajui kama ipo. Hali hiyo ya kaakaa mara nyingi hupungua mtu akiacha. Ninachokihofia zaidi hukaa pembeni mwa ulimi na chini yake: baka jeupe lisilofutika kwa kitambaa, au baka jekundu lenye mng'ao wa mahameli. Hilo jekundu likionekana, hatungoji. Tunakata kipande kidogo na kukipeleka maabara.

Kisha kuna fizi. Wengi hujisifu mbele yangu kwamba fizi zao hazitoki damu wakipiga mswaki, wakidhani hiyo ni dalili ya afya. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi yenye ugonjwa inaweza isitoe damu hata kidogo huku mfupa unaoshikilia meno ukiyeyuka chini yake. Mgonjwa anakuja jino limeshaanza kucheza. Dawa za kusukutua na peremende huondoa harufu kwa muda, hapo penye mfupa hazifiki.

Huenda unajiuliza uwongo huu ulipata wapi nguvu namna hii. Sehemu ya jibu ni historia. Mwaka 1964 daktari mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti maarufu iliyohusisha sigara na saratani ya mapafu. Ripoti hiyo ilielekezwa hasa kwa sigara za kawaida, na siga na kiko zikaonekana kuwa nafuu, kwa sababu wavutaji wake wa enzi hizo wengi hawakumeza moshi na hawakuvuta nyingi kwa siku. Watu walioingiwa na hofu wakahamia huko. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya siga kuandikiwa uchunguzi wake kamili, na maneno yakikaa midomoni mwa watu miaka 30 huwa magumu kuyarudisha.

Sasa hili la “majani asilia”. Ni kweli siga iliyosokotwa kwa mkono ni tumbaku tupu: majani ya kujaza ndani, jani la kuyafunga na jani la nje linaloipamba. Naheshimu sana ufundi wa watu wanaozisokota. Kuna hadithi ya zamani kwamba husokotwa juu ya mapaja ya wasichana, na watu wazima bado wanaisimulia. Ukweli ni kwamba kazi hiyo hufanywa juu ya ubao, kwa kisu kifupi kilichopinda na vidole vilivyofunzwa kwa miaka, na katika viwanda vya Cuba tangu mwaka 1865 kumekuwa na desturi ya msomaji kukaa mbele ya mafundi na kuwasomea kwa sauti wakati wanafanya kazi. Ufundi huo ni wa kweli. Ila haupunguzi chochote katika kinachotokea jani likiungua.

Uasilia wenyewe ndio unaoleta sehemu ya matatizo. Baada ya kukaushwa kwenye mabanda, majani hurundikwa malundo makubwa na kuvundikwa kwa wiki au miezi, yakipata joto lao wenyewe, na malundo kugeuzwa yasije yakaungua. Huko ndiko ukali wa amonia unakopungua na harufu nzuri kuzaliwa. Hukohuko bakteria hubadilisha nitrati za jani kuwa nitriti, nazo zikikutana na nikotini na jamaa zake huunda nitrosamini, mojawapo ya makundi ya visababishi vikali vya saratani tunavyovijua kwenye tumbaku. Siga huwa nazo nyingi kuliko sigara. Hakuna mtu aliyeziongeza kiwandani. Zimezaliwa ndani ya jani lenyewe, katika hatua ileile inayolipa utamu.

Hata kukosa karatasi si faida. Karatasi ya sigara ina vitundu vidogo vinavyopitisha hewa, jani la nje la siga halipitishi hewa kiasi hicho. Moto unaokosa hewa hauunguzi vizuri, na matokeo yake ni kaboni monoksidi nyingi zaidi, pamoja na lami nyingi zaidi kwa kila gramu ya tumbaku. Kaboni monoksidi ndiyo gesi inayoipokonya damu nafasi ya kubeba oksijeni. Haijali kama jani lilipandwa kwa samadi au kwa mbolea ya dukani.

Upande wa ujuzi wa rafiki yako, niruhusu nipite kwa haraka, kwa kuwa hata humo kuna imani ambazo mafundi wenyewe hawazikubali. Siga nyeusi si lazima iwe kali. Rangi hiyo, inayoitwa maduro, hutokana zaidi na jani la nje kuvundikwa kwa muda mrefu na kwa joto zaidi, na mara nyingi huleta utamu. Ukali hutoka kwenye mchanganyiko wa ndani, hasa majani ya juu ya mmea yaliyopigwa na jua sana, ambayo kwa Kihispania huitwa ligero. Unene nao hauongezi ukali. Siga nene mara nyingi huungua taratibu na kwa ubaridi zaidi kuliko nyembamba. Majivu meupe yanakuonyesha madini ya udongo wa shamba, magnesiamu hasa, na majivu marefu yasiyoanguka yanakuonyesha kwamba ndani kuna majani marefu badala ya vipande. Hayana habari nyingine ya kukupa. Ule unga mweupe juu ya siga ya zamani, ambao wengi huuita mafuta ya jani yaliyoiva, mara nyingi ukiwekwa chini ya hadubini hugundulika kuwa ni kuvu. Na friji huikausha siga badala ya kuitunza.

Kuhusu Cuba, sifa ya bonde la Vuelta Abajo mkoani Pinar del Río ni ya haki. Ila baada ya serikali kutaifisha viwanda vya siga mwaka 1960, familia nyingi za mabingwa ziliondoka na maarifa yao kwenda Jamhuri ya Dominika, Nicaragua na Honduras, na leo nchi hizo hutoa siga zinazoshindana na za Cuba bila kuona haya. Marufuku ndiyo iliyoongeza utamu. Pierre Salinger, msemaji wa Rais John F. Kennedy, alisimulia kwamba mwaka 1962 rais alimtuma amtafutie siga 1,000 za Cuba, akarudi na 1,200, ndipo Kennedy akatia saini amri ya kuzuia bidhaa za kisiwa hicho kuingia Marekani. Tangu hapo jina la Cuba limekuwa likighushiwa kila pembe ya dunia. Lakini hata ile halali kabisa, iliyotoka shamba bora kuliko yote, ikifika mdomoni moshi wake ni wa alkali vilevile.

Kuna tabia moja ya hao wajuzi ambayo siwezi kuipita haraka, nayo ni kuchovya ncha ya siga kwenye pombe kali, au kuvuta na glasi pembeni wakiamini vinakwenda pamoja. Kuchovya kunalilowesha jani na kuharibu mwako. Mafundi wengi hawakubaliani nako. Ninachojali mimi ni glasi yenyewe. Pombe na tumbaku vikikutana mdomoni, hatari ya saratani ya mdomo na koo haiwi ya kujumlisha, inakuwa ya kuzidisha. Pombe huufanya utando wa mdomo upitishe kwa urahisi zaidi vile vitu vilivyoletwa na moshi. Kama kikao chenu cha mwisho wa wiki kina vyote viwili, na ninavyojua vikao vya siga mara nyingi vinavyo, basi hatari ya saa hizo mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa kuhesabu siga peke yake.

Je, moja kwa wiki? Nitakuwa mkweli kwako. Anayevuta mara moja kwa wiki hana hatari sawa na anayevuta tatu kwa siku, na daktari atakayekutisha kwa kusema ni sawasawa atapoteza imani yako bure. Hatari hupanda kwa idadi ya siga, kwa miaka na kwa kumeza moshi. Hata hivyo hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama. Tena “moja kwa wiki” ni kauli ya mwezi wa kwanza. Nikiwauliza wagonjwa walianzaje, mara nyingi jibu ni lilelile: kwenye harusi, kwenye kikao, mara mojamoja.

Kwako kuna hatari iliyo karibu kuliko saratani, nayo ni kurudi kwenye sigara. Ubongo uliowahi kuizoea nikotini haupotezi kumbukumbu yake kwa miaka miwili. Siga moja inaweza kuupa nikotini ya sigara kadhaa kwa mpigo, halafu siku ya kazi inafika, siga haipo na muda wa kuivuta haupo, lakini hamu imeamka. Duka lenye pakiti haliko mbali. Ningeweza kukuachia hofu zote za mdomo na koo nikabaki na hii moja tu, na bado ningekwambia usiiwashe.

Pia jihadhari na zile siga ndogo zenye kichungi na ladha za matunda ambazo watu huzitoa kama njia ya kati. Kwa umbo na kwa namna zinavyovutwa ni sigara zilizovishwa jani la tumbaku au karatasi yenye tumbaku ndani yake. Wengi huzivuta hadi mapafuni, na kichungi hakibadilishi hilo.

Babu wa rafiki yako, Mungu ambariki, si ushahidi. Kila mahali kuna babu kama huyo. Mchekeshaji George Burns alijulikana kwa siga yake na akafariki mwaka 1996 akiwa na miaka 100, na watu hawachoki kumtaja. Wale ambao siga iliwaua mapema hawana wajukuu wanaosimulia habari zao kwenye vikao, maana simulizi la aliyefariki akiwa na miaka 55 halinogeshi mazungumzo. Ila historia imehifadhi baadhi yao. Ulysses S. Grant, jenerali aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliletewa siga kwa maelfu na wananchi waliomshangilia baada ya ushindi wake wa mwaka 1862; alifariki mwaka 1885 kwa saratani ya koo. Sigmund Freud, daktari maarufu wa Austria wa magonjwa ya akili, aliyekuwa akivuta siga takriban 20 kwa siku, aligunduliwa saratani ya kaakaa na taya mwaka 1923. Alipasuliwa zaidi ya mara 30. Waliondoa sehemu ya taya la juu na kaakaa, ukabaki uwazi kati ya mdomo na pua, ikabidi avae kifaa kikubwa cha kuuziba ili aweze kusema na kula. Kilimuumiza kukivaa na kilimuumiza kukivua. Freud alikuwa daktari, alielewa alichoambiwa, na aliendelea kuvuta karibu mpaka mwisho wake mwaka 1939. Ninapofikiria nguvu ya nikotini iliyoingia kupitia mdomoni, namfikiria yeye kuliko ninavyomfikiria Burns.

Na mke wako ana haki. Siga inayofuka kwa saa moja na nusu hujaza chumba moshi wa pembeni kuliko sigara kadhaa, na moshi huo una vitu vilevile, vingine kwa wingi zaidi. Kufungua dirisha hakutoshi, na ndani ya gari ni vibaya zaidi. Kama kuna watoto nyumbani, vishungi vya siga visiachwe kwenye kisahani cha majivu: kishungi kimoja kina nikotini ya kutosha kumtia mtoto mdogo katika hali ya hatari akikitafuna.

Kwa hiyo nenda kwenye kikao chako. Hakuna aliyesema uwapoteze marafiki. Kaa upande upepo unakotoka, shika kinywaji kisicho na kilevi, na ukipewa siga sema umeacha. Neno hilo moja linatosha, huhitaji kubishana nao kuhusu alkali na nitrosamini. Ikiwa hamu itakusumbua siku zinazofuata, mwone daktari akueleze kuhusu vibandiko au jojo za nikotini, ambavyo vimepimwa kwa kazi hiyo, badala ya kujitibu kwa moshi.

Na kama umeshavuta kadhaa, au ukimjali yule mjuzi wenu aliyevuta kwa miaka, fanyeni hivi wote wawili. Mkienda kwa daktari wa meno, mwambieni wazi kwamba mnavuta au mliwahi kuvuta siga, kwa sababu wengi wakiulizwa kama wanavuta sigara hujibu hapana. Mwombeni aangalie kaakaa, pembe za ulimi na sakafu ya mdomo, na apapase shingo. Nyumbani, mbele ya kioo na penye mwanga mzuri, shika ncha ya ulimi kwa kitambaa safi, uvute upande mmoja kisha mwingine, halafu uunyanyue uangalie chini yake. Kidonda kisichopona kwa wiki 2, baka jeupe au jekundu lisiloondoka, ganzi isiyoelezeka mdomoni, uvimbe shingoni, sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3, au chakula kinachokwama wakati wa kumeza: lolote kati ya hayo lipelekwe kwa daktari wiki hiyohiyo, hata kama haliumi. Saratani ya mdomo ikikamatwa ikiwa ndogo inatibika, na mara nyingi katika hatua hiyo haiumi kabisa.